Mwaka wa Mstaafu Jikoni

Haika tulimzika Olasiti siku ya Jumatatu. Siku ya tatu baada ya mazishi binti yake, Furaha, alinipigia simu akasema, "Shikamoo mama mkubwa. Njoo leo mchana, tumepata ile sinema yenu." Sikutaka kwenda. Magoti yangu siku hizi hayapatani na viti vya plastiki vya msibani, na nilikuwa nimechoka kukaa na watu wanaoniinamia sikioni na kuniuliza, "Wewe na marehemu mlikuwa marafiki sana, eti?" Mtu anajibu nini hapo? Tuliishi chumba kimoja Sokon One, tukalala kitanda kimoja, tukala sahani moja. Halafu tukaishi mji mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, mimi Njiro na yeye Olasiti, na miaka yote hiyo tukikutana harusini tulisalimiana kama watu waliopangana kwenye foleni ya benki: habari za siku nyingi, nzuri, watoto, wazima, haya. Lakini nyumbani nako hakukaliki. Mume wangu amestaafu mwaka jana, na tangu astaafu amegundua kwamba tuna jiko. Asubuhi hiyo alikuwa ameniuliza kwa nini ninamenya karoti kabla ya kuziosha. Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu Olasiti.

Ya kwetu Machame na ya wazazi wangu nayaacha huko huko Machame. Kila mtu ana ya kwao. Mwaka ninaousema ulianzia mlangoni, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama Penieli, mama wa Kimeru aliyekuwa na sauti ndogo na macho makubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na Haika, niliyemzidi mwaka mmoja, alikuwa anauza katika duka la vitambaa. Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku langu la bati, jiko la mchina la mafuta ya taa lililokuwa likitoa moshi mwingi kuliko moto, na dirisha ambalo asubuhi njema lilituonyesha mlima Meru kuanzia mabegani kwenda juu. Kwa upande mmoja tulipakana na jiko la wenye nyumba, na ukuta wa kati ulikuwa wa mbao, haukufika darini. Tulikuwa tukipika ndizi na maharage, tunakaa kitandani sahani ikiwa katikati yetu, tunazima redio, tunasikiliza. Sasa nasema wazi kwamba haikuwa adabu. Wakati ule tuliona ni sehemu ya kodi.

Baba Penieli alikuwa amestaafu mwaka ule ule. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo, na baada ya wiki mbili za kukaa kibarazani akiangalia wapita njia alihamishia stoo jikoni kwa mkewe. Alipanga sufuria kwa ukubwa. Alibandika karatasi juu ya makopo: CHUMVI, SUKARI, MAJANI, kana kwamba mkewe aliyapika hayo miaka thelathini bila kuyafahamu. Tulimsikia akisema kwa upole wa kiofisi, "Mama Penieli, maharage haya yalianza kuchemka saa ngapi?" Halafu sauti ndogo ikajibu, "Yaulize yenyewe." Haika alikuwa akijifunika uso kwa mto ili asisikike akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka kwa mwili mzima, kitanda kizima kilicheka pamoja naye. Jioni nyingine Baba Penieli aliuliza kwa nini wageni wawili wamewekewa vikombe vitatu. Akajibiwa, "Cha tatu ni cha yule atakayekuja kuuliza." Usiku huo sikulala mapema. Niliwasha taa, nikachukua daftari, nikaandika yale maneno kabla hayajanitoka.

Ndivyo ilivyoanza tamthilia yangu. Vijana wa kanisa walitakiwa kuandaa igizo kwa ajili ya sikukuu ya mavuno, na kila mwaka igizo lilikuwa lile lile la mwana aliyepotea mjini. Nikasema mwaka huu tutawapa kitu kingine. Niliandika kwenye daftari la mistari, saa ya chakula cha mchana nikalipiga chapa ofisini mlango ukiwa umefungwa, nikaliita Mstaafu Jikoni. Mume nilimfanya dereva mstaafu, anayeendesha jiko kama gari, ili wenye nyumba wasijitambue. Mume huyo alikuwa Ombeni, mwimba sauti ya nne wa kwaya, mwanamume mkubwa mwenye mikono ya kukufanya uvihurumie vikombe. Mke, Mama Upendo, nilikuwa mimi. Haika alikuwa wifi, dada wa mume, anayekuja kumtetea kaka yake na kuchochea moto mpaka Mama Upendo anafungasha na kurudi kwao. Mwisho wifi yule yule anatumwa na kaka yake kumrudisha, akiwa na jani la isale mkononi. Asiye wa huku nimweleze: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye uzio na makaburini, na kwetu sisi Wachaga, na kwa jirani zetu Wameru, mtu aliyekukosea akikuletea isale huna njia ya kukataa. Ukilipokea umesamehe, na kusamehe huko hakurudi nyuma. Jukwaani tulitumia jani la mhindi, maana wazee wa kanisa walikuwa wamekaa mbele, na hakuna aliyethubutu kulifanyia mchezo isale lenyewe mbele yao.

Siku ya igizo Mama Penieli alikaa mstari wa pili na mumewe. Mimi jukwaani sikuwa nawaogopa watu, nilimwogopa yeye. Ombeni aliposema, "Mama Upendo, maharage haya yalianza kuchemka saa ngapi?", nilimwona Mama Penieli akiinua upande wa khanga akafuta machozi. Nikajua kesho tunalala nje. Baada ya ibada alinishika mkono akaniambia, bado akicheka, "Manka mwanangu, yule mwanamke namjua kabisa. Ni yule wa nyumba ya kona." Baba Penieli naye akatikisa kichwa, akasema wanaume wengine bwana, wakistaafu wanakosa kazi. Leo nikimwangalia mume wangu akiwa na karoti mkononi namkumbuka yule mzee, na nadhani kama kuna kioo ambacho mtu hajioni ndani yake, basi ni kile anachoshikiwa na mwingine.

Pale kanisani alikuwepo Saning'o, kijana wa Kiarusha mwenye kamera ya mkanda ya kubeba begani, ambaye mji mzima ulimjua kwa kupiga mikanda ya harusi. Alitufuata nje akasema hiki kitu ni sinema, kinachotakiwa ni nyumba na makochi. Haika alirukaruka. Mimi nilisema tufikirie, na wakati mimi nafikiri Haika alikuwa ameshamwomba Mama Penieli sebule yake, na Mama Penieli alikuwa ameshakubali, kwa sharti kwamba vitambaa vyake vya kufuma vionekane. Kwa hiyo tulipiga sinema ya mume na mke waliokuwa wakigombana jikoni, ndani ya jiko lenyewe walilokuwa wakigombania, wenyewe wakituletea chai.

Hatukuwa na kitu. Taa ilikuwa jua la dirishani, na kila asubuhi Mama Penieli aliangalia mlima akatupa habari: "Leo umevaa kofia, msihangaike." Ijumaa mpaka Jumapili Saning'o alikuwa na harusi, kwa hiyo sinema yetu ilipigwa kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, mimi nikitoroka ofisini na Haika akimdanganya tajiri wake kuhusu jino. Saning'o hakujua kupiga kitu chochote isipokuwa harusi. Tukikaa mezani kula, kamera ilituacha ikaenda kwenye mtori wetu wa ndizi na nyama, ikaukaribia, ikazunguka sufuria polepole, ikahamia kwenye chapati moja baada ya nyingine. Ombeni akiingia mlangoni aliambiwa asimame kidogo, atabasamu, ndipo akasirike. Mama Penieli kila tulipopumzika alivua vitambaa vya makochi akavika vingine vilivyo visafi zaidi, hivyo katika ugomvi mmoja wa dakika tano makochi yalianza meupe, yakawa ya njano, yakamalizia na maua mekundu. Tulikula mtori mmoja siku mbili mfululizo, umepoa, una ngozi juu, na Ombeni kila mara alitakiwa aonje na kusema, "Chumvi imezidi." Siku ya pili alisema kwa moyo wake wote. Sijawahi kucheka kama nilivyocheka miezi ile miwili, wala sijui kama nilibakiza kicheko cha kutosha kwa maisha yaliyofuata.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika. Kabla hatujaanza, Saning'o alitaka majina ya kuweka kwenye kava la mkanda. Tulikuwa tumekaa sisi watatu kwenye ngazi za nyuma. Nikasema, "Mimi mtunzi msiniweke. Mama Penieli akiona jina langu atajua ni wapi nilikoyatoa maneno, tutafukuzwa." Nilisema, sikatai. Lakini nilisema kama mgeni anavyosema nimeshiba: mwenyeji hutakiwa kusisitiza, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu mgeni anasema haya basi, kidogo tu. Kila mtu aliyelelewa huku anajua hivyo. Haika naye alilelewa huku. Akasema, "Haya." Saning'o akaandika kitu, tukaendelea na habari za makochi. Nilimngoja anisisitize jioni ile kitandani. Nilingoja wiki nzima. Hakusisitiza.

Kava zilikuja kabla sinema haijaisha, zilibaki sehemu mbili tu za kupiga. Saning'o alizileta zikiwa bado zinanuka wino: Ombeni ameshika mwiko, mimi nimeshika kiuno, na chini, kwa herufi nyekundu, MTUNZI: HAIKA. Aliyelifahamu daftari lile kwa mwandiko wake, karatasi kwa karatasi, alikuwa mtu mmoja tu duniani mbali na mimi, na ndiye huyo. Nilingoja watu waondoke. Chumbani nikamuuliza.

"Saning'o alisema kava haliwezi kwenda bila mtunzi," akasema. "Aliniuliza aandike nani. Wewe ulikuwa umekataa."

"Ukasema wewe."

"Nilinyamaza. Akaniangalia, nikanyamaza, akaandika."

"Na ulipoona ameandika?"

Haika alikuwa anavua viatu, viatu vyangu, maana siku zote alivaa vyangu. Akakaa navyo mapajani. "Nilifurahi," akasema. "Sitakudanganya, Manka. Nilifurahi."

Angenidanganya ingekuwa afadhali. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na upande wa pili wa ukuta nikasikia kijiko kinasimama ndani ya kikombe. Kwa mara ya kwanza wao ndio walikuwa wanatusikiliza sisi. Tangu usiku ule tulilala kitanda kimoja kila mtu akiangalia ukuta wake, nilipika changu yeye akapika chake kwenye jiko lile lile moja, kwa zamu, na ndizi za mtu mmoja zinachosha kumenya.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ile ya isale. Saning'o alikataa jani la mhindi. "Kamera inaona," alisema. "Kanisani mlidanganya, hapa watu watacheka pasipotakiwa kucheka." Mama Penieli alikuwa anapita na kapu la vitambaa, akasimama. "Isale si la kuchezea, wanangu. Likishapokelewa limepokelewa."

"Mama, hii ni sinema tu," Saning'o akasema.

"Isale halijui sinema."

Hata hivyo alikuwa na hamu ya kuuona uzio wake kwenye sinema, akaenda mwenyewe na kisu, akakata kichwa kizima cha isale pamoja na kikonyo chake, akampa Haika kwa mikono miwili. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, karibu na migomba, namenya ndizi, ndiyo "kwetu" alikokimbilia Mama Upendo. Haika akaja kutoka pembeni, akapiga magoti, akasema maneno niliyomwandikia: "Wifi, kaka amekosa. Nimeletwa na mdomo wake. Pokea, urudi nyumbani." Nikanyoosha mikono. "Nimepokea. Lakini jiko libaki langu." Jogoo wa jirani akawika juu ya neno jiko. Saning'o akasema turudie.

Mara ya pili Haika alipiga magoti, akaniangalia, na maneno hayakuwa yangu tena. "Wifi, nimekosa mimi, si kaka. Pale nilipotakiwa kusema mwenye jiko ni nani, nilinyamaza, kwa sababu nilipenda kuonekana. Pokea, nakuomba." Ombeni nyuma ya kamera akaguna kwa kupendezwa. Mimi nilielewa kila neno. Kamera ilikuwa inanitazama, nikanyoosha mikono, nikasema, "Nimepokea. Lakini jiko libaki langu." Saning'o akapiga vigelegele kama vya harusini, akasema ni hivyo hivyo, ila wingu limepita, turudie tena. Mara ya tatu Haika alilia, na mikono yake ilikuwa baridi ilipogusa yangu. Nikapokea.

Saning'o alipoishusha kamera, niliweka isale juu ya mfuniko wa sufuria nikainuka kwenda kubadili nguo. Haika alikuwa bado amepiga magoti. Akasema taratibu, "Manka, umepokea."

Nikamwambia, "Aliyepokea ni Mama Upendo. Mimi Manka sijapewa kitu."

Mama Penieli alikuwa mlangoni, alisikia. Jioni ile nilipomwamkia hakuniitikia. Haika akalichukua lile isale kwenye mfuniko, akalipanda ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, akaliweka dirishani kwetu, upande wa mlima. Lilikaa pale likininyima raha mpaka mwisho wa mwezi, nilipopata chumba Njiro, nikachukua sanduku langu la bati. Viatu nilimwachia. Nilijiona mkarimu sana kwa kumwachia viatu.

Sinema ilionyeshwa sebuleni kwa Mama Penieli, watu wakajaa mpaka dirishani. Sikwenda. Ombeni alikuja kunisimulia wiki hiyo hiyo. Alisema Saning'o hakukata kitu hata kimoja, maana harusini ukikata sehemu kuna shangazi atanuna, hivyo lile isale lilitolewa mara tatu na kupokelewa mara tatu, jogoo akiwemo, na watazamaji walidhani huko kwa akina Mama Upendo ndiyo desturi. Alisema pia kwamba ilipoisha watu walimpigia makofi mtunzi, na Haika akasimama akasema mbele ya wote, "Aliyeandika ni Manka, mimi niliweka jina tu." Mama Penieli akasema, "Manka? Hapana, Manka mpole yule." Watu wakacheka, wakamwona Haika ana heshima.

Nilipoambiwa hayo ningeweza kurudi. Njiro si Ulaya. Ningekwenda kwa miguu nikafika kabla chai haijapoa. Uchungu wangu ulikuwa wa kweli, lakini ulidumu kama wiki tatu; uliobaki wote ulikuwa ukaidi, na ukaidi hauhitaji kulishwa, unajilisha. Kwanza nilisema aje yeye. Halafu nikasema muda umepita, nitaonekanaje. Aliolewa Olasiti na Mwarusha mwingine, si Saning'o, nilipata kadi, nikatuma zawadi. Nilipojifungua alinitumia mashuka, nikatuma ahsante. Mikanda ile ilizunguka kwenye maduka ya kukodisha, watu wakarekodi mieleka juu yake, ikaisha. Sikuandika igizo jingine. Watu wakiniuliza nilisema sina muda, na nilikuwa nao mwingi. Mwaka huu mwanzoni alinipigia simu mwenyewe. Sauti ilikuwa imekonda. Akasema anaumwa kidogo, nikipita huko nimwone. Nikasema Jumamosi. Jumamosi kulikuwa na kikao cha harusi, nikasema Jumamosi ijayo. Tuliendelea hivyo mpaka zikaisha Jumamosi zake.

Basi nilikaa sebuleni kwake, kwenye kochi, si kwenye plastiki, na Furaha akachomeka flashi kwenye televisheni. Alikuwa ameukuta mkanda ndani ya kabati la mama yake, umefungwa kwenye khanga, akampelekea fundi mjini. Picha ilitetemeka, kisha tukatokea. Wajukuu walicheka vitambaa vilipobadilika rangi. Walicheka kamera ilipouacha ugomvi ikaenda kwenye mtori. Mimi nilikuwa naangalia jinsi yule msichana mwenye khanga kiunoni, ambaye ni mimi, alivyokuwa hajui kuchoka. Ikafika migombani. Haika akapiga magoti mara ya kwanza, jogoo akawika, watoto wakaangua kicheko. Akapiga mara ya pili. Niliyakumbuka maneno kabla hayajatoka. Mara ya tatu watoto walinyamaza, kwa sababu bibi yao alikuwa analia na wao walikuwa wametoka kumzika. Nikajiona nikinyoosha mikono. Nimepokea. Nilikuwa mwigizaji mzuri. Hakuna ambaye angejua.

Nikatoka nje nikisema nahitaji hewa. Uzio wote wa nyumba ile, kuanzia geti mpaka kaburi jipya lenye maua ya plastiki, ulikuwa wa masale, marefu kunipita. Furaha alinifuata na kikombe cha chai. Nikamuuliza nani aliyapanda.

"Mama. Alikuja nayo kwenye kopo alipoolewa, ndivyo alivyokuwa anasema. Kila yakirefuka anakata, anachomeka mbele. Baba alitaka kujenga ukuta wa matofali, mama akamwambia ajenge kwingine."

Nilimwomba kisu. Akaniletea cha jikoni. Nilikata kichwa kimoja pamoja na kikonyo chake, nikasimama nacho kwenye udongo ule mpya, na sikujua la kufanya. Isale hutolewa kwa mtu mwenye mikono. Magoti yangu hayapigiki tena, lakini niligeuka kwa Furaha, mtoto wake, nikainama kadiri nilivyoweza, nikamnyooshea.

"Mama mkubwa, unafanya nini?" akasema, akitafuta pa kuweka kikombe. "Kwa akina baba, Waarusha, mtu akiomba amani huwa anang'oa nyasi, lakini hili la kwa mama nalijua. Ni la kuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Sasa wewe unaomba wa nini? Mama ndiye aliyekukosea. Alituambia tangu tukiwa wadogo. Kila akiuweka ule mkanda alikuwa anatuita, anasema, tazameni, nilimkosea rafiki yangu, nikampelekea isale, akapokea. Mara tatu." Akatabasamu kidogo, macho yakiwa mekundu. "Sisi tulikuwa tunamwambia, mama, hiyo ni sinema. Anasema, isale halijui sinema."

Upepo wa mlimani ulikuwa umeanza, na mkono wangu ulikuwa unachoka. Nikamwambia yale aliyosema mama yake ni kweli, alinipa na mimi nikapokea. Nikamwambia hili ni jingine, hili ni langu mimi kwake, nimelichelewesha.

Furaha aliweka kikombe chini kwenye udongo, akafuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha yote miwili.